Chupa ya 9H, Harrier nyeusi na uwanja usio na paa

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Harrier nyeusi ya mwaka 2006, nimeliagiza kutoka Japani. Nimenunua chupa ya seramiki, dawa ya majimaji ya kupaka juu ya rangi ya gari, ya mililita 30, imeandikwa 9H, na muuzaji ameniambia nikishapaka gari halitapata mkwaruzo tena. Waosha magari wa huku kwetu Buhongwa, Mwanza, wananitajia bei ya kupaka inayozidi ya chupa mara kadhaa, kwa hiyo nataka nipake mwenyewe Jumapili. Sina gereji, gari linalala uani chini ya mwembe. Mlango mmoja wa nyuma ulipigwa rangi wiki tatu zilizopita baada ya bodaboda kunigonga. Je, naweza? Naanzia wapi? Na dawa ikibaki, naihifadhije?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Unaweza kupaka mwenyewe, mikono haihitaji cheti. Ila si Jumapili hii, si chini ya mwembe, na ule mlango uuache kabisa kwa sasa.

Tuanze na hiyo 9H, maana ndiyo iliyokutoa hela mfukoni. Namba hiyo ni ya penseli. Wanaopima ugumu wa rangi huchukua penseli za kuchorea, kuanzia zile laini za B mpaka zile ngumu za H, wakaisukuma moja moja juu ya bati lililopakwa, kwa pembe ya digrii 45 na uzito wa gramu 750. Penseli ngumu kuliko zote ambayo haikuacha mkwaruzo ndiyo daraja la rangi hiyo. Kwa hiyo 9H maana yake ni kwamba ile ya mwisho kwenye boksi haikufua dafu. Sawa, lakini nani anaendesha gari kwenye penseli? Gari lako linakwaruzwa na vumbi, na vumbi letu unajua linatoka wapi. Haya mawe tuliyojengea nyumba juu yake, kuanzia kilima cha Bugando hadi lile Jiwe la Bismarck pale ziwani, ni granaiti, na ndani ya granaiti kuna chembe za kwatsi, ambazo kwenye kipimo cha madini cha Mohs zina ugumu wa 7 kati ya 10. Penseli, hata iwe 9H, ni grafiti na udongo tu. Kijana akikufutia vumbi hilo kwa kitambaa kikavu, seramiki inachanika kama rangi nyingine yoyote.

Tena ni nyembamba mno. Ikishakauka inakuwa na unene wa maikroni moja au mbili (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), mara nyingi chini ya hapo, wakati klia ya kiwandani, ile rangi angavu ya juu kabisa, huwa kama 40 hadi 50. Kokoto inayorushwa na lori la mchanga haitaiona hata kama ipo.

Sasa kwa nini watu tunapaka? Kwa sababu inashikana na rangi kuliko wax, haiyeyuki juani, na sabuni haiiondoi haraka. Wax nzuri kwa jua letu ni miezi miwili mitatu. Seramiki ya kupaka nyumbani, ikiwekwa vizuri na kutunzwa, ni mwaka mmoja hadi mitatu. Maji yanajiviringa juu yake kama juu ya jani la magimbi, matope yanashika kwa shida, na kuosha kunakuwa kazi ya dakika chache. Hicho ndicho unachonunua: wepesi wa kuosha na mng'ao unaokaa.

Turudi kwenye mlango. Wiki tatu ni mapema. Rangi iliyopigwa upya bado inatoa thina kidogo kidogo, na ukiifunika unaiziba pumzi. Mimi siendi chini ya siku 30, na nikiweza nangoja miezi miwili. Kabla ya hapo ujue ulipigwa rangi gani. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe thina kidogo, gusia ukingo wa ndani wa mlango, pale pasipoonekana, hesabu hadi kumi. Kitambaa kikibeba rangi, hiyo ni NC, rangi ya nitroselulosi inayoyeyushwa na thina hata ikishakauka, na NC haina ubia na seramiki wala na dawa za kuisafishia. Kitambaa kikitoka kisafi, uwezekano mkubwa ni 2K, ile inayochanganywa na dawa ya kuigandisha, ngoja tu ikomae.

Na kwa kuwa gari ni jeusi, tafuta kile kibati chenye namba ya rangi, ama kwenye nguzo ya mlango ama ndani ya boneti. Ukikuta 202, basi umekutana na nyeusi ambayo kila fundi wa polishi anaijua kwa ulaini wake. Magari mengi yenye namba hiyo hayana klia juu. Utajua ukipolishi sehemu ndogo kwa mkono: kitambaa kikitoka cheusi tii, klia hakuna. Si ubovu, seramiki inakaa tu, ila kompaundi kali, ile dawa ya kusugulia rangi, usiiguse, maana hapo unachokula ni rangi yenyewe.

Kazi sasa. Watu wanadhani kazi ni kupaka. Kupaka ni masaa mawili matatu; kuandaa ni siku nzima, na siku hiyo ndiyo inayokupa gari zuri au baya. Seramiki haina rangi, inaonyesha kilicho chini yake. Ukiipaka juu ya mikwaruzo ile ya utando wa buibui, umeitia mikwaruzo fremu na kioo.

Osha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ukianzia paa kushuka chini. Sabuni ya unga ya kufulia iache ndani. Kwa mara hii moja tumia sabuni ya maji ya vyombo, tunataka kung'oa wax yote ya zamani. Lami iliyorukia kwenye milango inatoka na mafuta ya taa kwenye kitambaa, halafu unaosha tena. Kisha kuna ile dawa ya kutoa chuma: unaipulizia, na penye unga wa breki inageuka zambarau na kutiririka kama damu ya zabibu. Usiiache ikaukie hapo. Suuza kwa maji mengi.

Halafu udongo wa kung'olea uchafu ulionasa kwenye rangi (clay bar). Unauzwa kama kipande cha sabuni kinachonyumbulika kama ugali uliopoa, na unausugua taratibu juu ya rangi iliyolowa maji ya sabuni. Ukidondoka chini, umekwisha, tupa, utaokota mchanga. Kujua kama umemaliza, vaa mfuko laini wa plastiki mkononi (ule wa mkate, maana rambo zilipigwa marufuku Juni 2019) upapase boneti. Vidole ndani ya mfuko vinasikia vipele ambavyo mkono mtupu hauvisikii. Panapokwaruza, rudia.

Maji ya kusuuzia nayo yana neno. Maji ya kisima mengi yana chumvichumvi, na yakikaukia juani yanaacha viduara vyeupe. Ya bomba, yanayotoka ziwani, ni nafuu. Kama una simtanki la kukinga mvua, weka ndoo mbili za maji hayo kwa ajili ya suuza ya mwisho. Usikinge mvua ya kwanza, hiyo inaosha bati tu.

Polishi. Kama una mtu mwenye mashine ile inayozunguka huku ikitikisika, mwombe au ikodi. Usikubali mtu akuletee grainda aliyoifunga sponji. Nimeona kona ya boneti ikitobolewa klia kwa sekunde tano. Huna mashine kabisa? Polishi laini kwa mkono, boneti na milango tu, na ukubali kwamba mikwaruzo mingine itabaki.

Mafuta ya polishi lazima yatoke yote, la sivyo seramiki itashika mafuta badala ya gari. Tunatumia isopropili, aina ya alkoholi ya kusafishia. Ile ya asilimia 70 ichanganye nusu kwa nusu na maji ya betri, na nasema maji ya betri, yale yasiyo na chumvichumvi, siyo asidi ya betri! Spiriti ya kusafishia vidonda usiitumie, baadhi huwekewa mafuta ya nyonyo. Pulizia, futa kwa kitambaa cha maikrofaiba, geuza, futa tena.

Sasa paa. Hapa ndipo mwembe wako unapokatalika. Unahitaji sehemu yenye kivuli kamili kuanzia asubuhi mpaka asubuhi ya kesho yake: gereji ya ndugu, banda la mwenye godauni, hata kibaraza kipana. Ukifunika kwa turubai lazima liwe na nguzo, lisiguse gari. Mwagia sakafu maji kidogo kabla ya kuanza, vumbi lilale. Anza saa tatu au saa nne asubuhi. Mapema zaidi bati bado lina umande usiouona, na mchana bati linachoma. Weka kiganja kwenye boneti: ukiweza kukiacha hapo bila kukikumbuka, liko sawa.

Na usikubali jioni ikukute. Gari la kwanza nililopaka lilikuwa Noah ya shemeji yangu, uani Kirumba, nikaanza saa kumi kwa kiburi cha ujana. Giza likaingia nimebakiza boneti, nikawasha balbu. Mwezi ulikuwa ndiyo unaandama. Unajua wale vijidudu wa ziwani wanavyokuja kama moshi? Kabla sijafika katikati, boneti yote ilikuwa na vidoa, kila kidoa na mabawa yake, vimenasa kama ufuta kwenye kashata. Ukivipangusa vinapondeka. Nilipolishi boneti upya wiki iliyofuata kwa gharama zangu, na shemeji mpaka leo huniuliza kama wadudu nao walikuwa na dhamana ya miaka mitatu.

Kupaka kwenyewe: glovu, barakoa, madirisha wazi, hakuna jiko wala sigara karibu, dawa hii ina vimiminika vinavyoshika moto. Funga kile kitambaa kidogo cha suedi kwenye kisponji chake, dondoshea matone sita mpaka manane, paka eneo la nusu mita kwa nusu mita. Kwanza mistari ya kwenda na kurudi, kisha ya juu chini, ikatane. Usikandamize. Sasa inama uangalie kwa upande, tochi ya simu ikimulika chini chini. Utaona utando unapata rangi za upinde wa mvua, kama petroli iliyomwagika juu ya dimbwi, halafu unaanza kujikusanya vitone vidogo vidogo. Kwa joto la Mwanza ni nusu dakika hadi dakika mbili, chupa na chupa hutofautiana, soma karatasi yake. Hapo ndipo unapofuta: kitambaa cha kwanza kinaondoa, cha pili kinalainisha. Ukifuta mapema unaiondoa yote, ukichelewa inakuvuta kama gundi.

Rudi na tochi. Ukiona kidoa cheusi chenye kivuli, kama alama ya kidole chenye mafuta, hapo imebaki nene. Ndani ya saa moja, tone moja la dawa mbichi juu yake linaifungua, unafuta. Ukikiona kesho, ni polishi na kuanza upya sehemu hiyo. Kwenye gari jeupe ungeweza kudanganya macho, jeusi halisamehe.

Mililita 30 zinatosha Harrier mkono mmoja. Gari lisiguse maji kwa saa 24, na lisione sabuni kwa siku saba. Kinyesi cha ndege kikidondoka ndani ya siku hizo, kitoe tu kwa kitambaa chenye maji, usisubiri.

Na watadondosha, kwa sababu utarudi chini ya mwembe na kongoti wa Mwanza hawana adabu. Kinyesi chao kina asidi, na jua likikipika juu ya bati, rangi inatanuka, ikipoa inajikunja kukifuata, unabaki na kovu. Seramiki inakupa masaa kadhaa ya kukiwahi, haikupi siku mbili. Weka kitambaa kilicholowa juu yake dakika tano, kilainike, ndipo ukiinue bila kusugua.

Kama paa la usiku mmoja halipatikani, kusema kweli chupa hiyo iuze, ununue ile ya kupulizia na kufuta, ambayo inakaa miezi michache tu lakini haiogopi uwanja. Sioni aibu kumshauri mtu hivyo.

Dawa ikibaki usiihifadhi. Chupa ikishafunguliwa unyevu wa hewa unaanza kuigandisha, na ukiona chembe kama chumvi mdomoni mwake, imekwisha. Itumie siku hiyo hiyo kwenye rimu, baada ya kuziosha kama ulivyoosha bodi. Kioo cha mbele kiruke, waipa zitaanza kulia. Vitambaa vya kufutia visirudi kwenye beseni la nguo: vikikauka vinakuwa vigumu kama msasa, na atakayevitumia tena kwenye gari ataniandikia barua nyingine.