Kabla hujapanda Cox huku mlimani

Wadogo zangu mnaoanza matufaa huku Machame na Kibosho, kila mara naulizwa mche wa Cox's Orange Pippin unapatikana wapi, nawaelewa kabisa maana hata mimi niliukimbilia hivyo hivyo. Ni tufaa la zamani la kula hivi hivi, Richard Cox, mzee aliyestaafu kutengeneza bia, ndio alilipata pale Colnbrook Uingereza kati ya 1825 na 1830, likiiva ukilitikisa sikioni unasikia mbegu zinacheza ndani, na harufu yake jamani!

Sasa sikilizeni. Ule mti lazima ulale kwanza ndio utoe maua, na kulala kwake ni saa nyingi sana za baridi chini ya nyuzi 7, Julai yetu na manyunyu yake yote haifiki huko. Wangu niliuweka kihambani pembeni ya migomba, mwaka wa tatu ukawa na matawi marefu matupu, vijani kidogo kwenye ncha tu, maua manne, moja limeshanyauka jingine bado kitumba, nikaongeza samadi madebe mawili, bure kabisa, mti haukuwa na njaa. Halafu hata kwao unaugua sana, madoa ya ukungu kwenye tunda, vidonda kwenye gome, sasa piga picha masika ya kwetu.

Anzeni na Anna, aina ya tufaa ya Israeli, hiyo inaridhika na saa 200 hadi 300, ila ipandeni karibu na Dorsett Golden ya Bahamas zichavushane, Anna peke yake mtavuna kiduchu. Na baada ya kuvuna ng'oeni majani yote kwa mkono, wakulima wa Batu kule Indonesia wanafanya hivyo miaka yote na mti unachipua upya kwa pamoja, ila taratibu, msichune lile jicho kwenye kwapa la jani, hapo ndipo ua linapotokea.

Hamu ya Cox ikiwabana nunueni Gala sokoni, ni mjukuu wake kabisa, ila mbegu zake msizipande mkitegemea Gala, haitoki vile vile. Chukueni mche wa kubebesha, yaani kikonyo cha aina mnayoitaka kimeungwa kwenye shina la mche mwingine, na kovu la pale kilipoungwa mlione kwa macho, juu kidogo ya udongo, shina limepinda kama kiwiko. Mimi niliuziwa miche sita nikaambiwa yote imebebeshwa, kufika nyumbani nafuta tope, mitano haina kovu.