Nimelipia kifurushi, mbona mechi haifunguki nikiwa safarini?

SWALI: Nyumbani natazama mechi zote za ligi kwa king'amuzi na kwa simu. Juzi nilisafiri nchi nyingine, programu ikaniandikia kwamba mechi haipatikani mahali nilipo, ilhali taarifa ya habari ya kituo hichohicho ilifunguka. Akaunti yangu ina hitilafu? Na je, nikibeba king'amuzi chenyewe?

JIBU: Akaunti yako ni nzima. Ligi huuza haki za matangazo nchi kwa nchi, au kanda kwa kanda, kwa misimu kadhaa. Kituo unachokilipia kilinunua ruhusa ya eneo fulani tu, na hakiwezi kukuuzia kisichokuwa nacho. Huko ulikokwenda, mechi ileile inaweza kuwa imenunuliwa na kituo kingine. Programu hutambua nchi uliyopo kwa anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha mtandao unaoutumia. Habari zilifunguka kwa sababu kituo huzitengeneza chenyewe, hivyo haki zake ni zake.

King'amuzi ni habari nyingine. Setilaiti za televisheni ziko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, na mawimbi yake hayasimami mpakani. Picha hutumwa ikiwa imefungwa kwa msimbo, na funguo za kuufungua hubadilika kila baada ya sekunde chache; kadi iliyo ndani ya king'amuzi chako ndiyo inayozipata. Kwa hiyo dishi likikamata mawimbi na kadi ikiwa hai, picha itatoka. Kinachokuzuia hapo ni masharti uliyoyakubali ulipojiunga, kwa hiyo yasome kwanza.

Jambo hili liliwahi kufika mahakamani. Karen Murphy, mwenye baa mjini Portsmouth, Uingereza, alionyesha mechi za Ligi Kuu ya England kwa kadi ya king'amuzi ya Ugiriki iliyokuwa rahisi zaidi. Mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba kupiga marufuku kadi za nchi nyingine za Umoja wa Ulaya ni kinyume cha sheria za Umoja huo. Ilisema pia kwamba mchezo wenyewe hauna hakimiliki, ila nembo, wimbo wa ligi na michoro ya kwenye skrini vinaweza kuwa nayo, na kuvionyesha baa kunahitaji ruhusa. Tangu Aprili 2018, mkazi wa Umoja wa Ulaya akisafiri kwa muda ndani ya Umoja huo hubaki na huduma ya mtandaoni aliyoilipia kwao. Nje ya hapo usitegemee hivyo.

Hata mashabiki wa nchi yenye ligi hunyimwa. Uingereza, Jumamosi kati ya saa 8:45 mchana na 11:15 jioni, mechi hazirushwi mubashara, ili watu waende viwanjani kuzitazama timu ndogo. Mashabiki wa ng'ambo huziona.

Kwa maoni yangu vituo vinawakosea wateja kwa kuficha haya katika maandishi madogo. Kabla ya safari ijayo, tafuta nani ana haki za ligi yako huko uendako. Vituo vingi huuza kifurushi cha mwezi mmoja. VPN, yaani programu ya kuficha nchi uliyopo, sikushauri: ikigundulika, akaunti yako inaweza kufungwa.