Kabla ya Kununua Mbuzi, Amueni ni wa Nani

Watu wakija kwetu Bweyale, hapa Uganda, kuuliza habari za ufugaji, swali lao la kwanza ni banda: lijengwe kwa mbao au matofali, liezekwe kwa bati au nyasi? Mimi huwauliza jambo jingine. Huyo mnyama atakuwa wa nani? Wengi hucheka. "Wa nyumbani, mama." Basi matatizo yanaanzia hapo hapo. Mnyama wa nyumbani hunyweshwa maji na watoto, hukatiwa majani na mama, na siku ya kuuzwa anauzwa na baba. Akifa, kila mtu alidhani mwenzake amemwangalia.

Nimeona hata pesa za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, zile shilingi milioni 1 kwa kaya zilizoanza kutolewa baada ya mpango kuzinduliwa 2022, zikivunja amani katika nyumba nzuri kabisa. Mkopo umeandikwa jina la mke, mbuzi wamenunuliwa, miezi inapita, mume anamkabidhi mchuuzi kamba bila kusema neno. Deni linabaki kwa mama. Ushauri wa banda hauwezi kuponya hilo.

Kwetu eneo ni dogo: mahindi, maharagwe, mihogo, viazi vitamu, kuku, mbuzi, na ng'ombe mmoja wa kienyeji. Mume wangu ni Mualur, mimi ni Mteso wa Tororo, majirani upande huu ni Waacholi na upande ule ni familia iliyotoka Sudan Kusini. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha sote, hasa siku ambayo mbuzi wa mtu ameonja mahindi ya mwenzake.

Utaratibu wetu ni huu. Kila mnyama ana mwenyewe, na jina limeandikwa katika daftari la shule linaloning'inia jikoni. Ng'ombe ni wa baba yao. Mbuzi wengine ni wangu, wengine wa watoto, na wapo walioandikwa "ada", yaani ada ya shule, hao ni wa nyumba nzima na hawaguswi kwa jambo lingine lolote, hata matanga. Mwenye mnyama ndiye anayesema auzwe au asiuzwe. Wazazi tunaruhusiwa kukopa. Wageni wakija ghafla na jogoo aliye karibu ni wa mtoto, tunamwomba, tunachinja, na tunamrudishia jogoo wa kimo hicho hicho. Wazee wengine wanaona ni kumdekeza mtoto. Shemeji yangu mmoja aliwahi kuniuliza kama na chumvi tunakopa kwa watoto. Lakini mtoto anayejua kwamba kuku wake anaweza kuchinjwa wakati wowote bila kuulizwa, kwa nini ahangaike kumfungia usiku?

Faida kubwa ya utaratibu huu hata si adabu, ni afya ya mifugo. Mwenye mbuzi anamjua mbuzi wake. Anaona leo amebaki nyuma ya wenzake, manyoya yamesimama, kinyesi kimelainika, au hacheui. Ugonjwa ukionekana siku ya kwanza, daktari wa mifugo anakuwa na kazi ya kufanya. Ukionekana siku ya nne, anakuja kukuambia pole.

Mtoto wa miaka 6 au 7 usimwanzishe na mbuzi. Mpe mtetea mmoja wa kienyeji. Chotara kama Kuroiler, wale wenye asili ya India, wanataga sana lakini ni nadra kuatamia, na mtoto hujifunza zaidi kwa kuku anayeatamia. Mwekee mayai 10 au 12, yasizidi yale ambayo kuku anaweza kuyafunika kwa mbawa. Baada ya wiki moja, ingia naye usiku na tochi, shikeni yai mbele ya mwanga: lenye mishipa myekundu lina uhai, lililo wazi kabisa litolewe. Siku ya 21 hutahitaji kumwamsha kwenda kuangalia. Kisha vifaranga wakae chini ya tenga wiki za mwanzo, maana mwewe hana huruma. Baadhi watakufa hata hivyo. Usifiche kifaranga aliyekufa ukamwambia mtoto amepotea, anajua kuhesabu.

Juu ya mdondo, ugonjwa wa kuku ambao wengine huuita kideri, nitasema kwa mkazo kwa sababu ndio unaomaliza kuku wa vijiji vizima. Hauna dawa. Ukiingia, unaweza kuamka ukakuta banda zima limelala, wengine shingo zimepinda. Kinga yake ni chanjo, na ipo inayovumilia joto kiasi, ya tone moja kwenye jicho, inayorudiwa kila miezi 3. Shida ya mfugaji mdogo ni kwamba kichupa kimoja kinatosha kuku 100 au zaidi, nawe una 15. Kwa hiyo chanjo ni kazi ya majirani. Sisi tunachanga, mmoja anakwenda duka la dawa za mifugo, anakirudisha kimefungwa kwenye kitambaa chenye maji, mbali na jua, na asubuhi hiyo hiyo tunapita nyumba kwa nyumba kabla kuku hawajafunguliwa. Watoto wanashika, mtu mzima anadondosha. Chanja kuku wazima tu, na usisubiri kusikia kwamba wa jirani wameanza kufa. Kuku wa kwako na wa jirani wanakula jalala moja, chanjo ya nyumba moja haitoshi.

Sasa mambo ya kuuza. Shule zetu zinafunguliwa Februari, tena mwezi wa tano au wa sita, tena Septemba, na wiki za karibu na kufungua utaona mnada umejaa mbuzi kuliko wanunuzi. Kila mzazi ana barua ya ada mfukoni na mchuuzi anaijua hiyo barua kama aliyeiandika yeye. Mimi wiki hizo ninanunua kama nina chochote. Ninauza kuelekea Krismasi na Idi. Kuku wa kienyeji huhitaji kama miezi 5 au 6 kufikia kimo cha kuuzika, hivyo anayetaka majogoo ya Desemba awaangulishe Juni au Julai. Pesa hiyo ya Desemba ndiyo ada ya Februari, na daftari linasema hivyo ili isigeuke sare ya sikukuu.

Idadi ya mbuzi ipangwe kwa kuhesabu mikono iliyopo; nyasi si kipimo. Desemba hadi Februari jua likikaza, foleni ya kisima cha pampu inakula nusu ya asubuhi, na mbuzi wa kufungwa kamba hawezi kujitafutia. Anahitaji maji, kivuli, na kuhamishwa. Ukimfunga mahali pale pale kila siku anakula minyoo yake mwenyewe. Kwetu kabla ya shule watoto hufungua kuku na kuhamisha kamba, basi. Mtoto asiyekwenda shule ili achunge mbuzi wa ada ya shule ni hesabu ambayo sijawahi kuielewa. Mbuzi wakizidi, tunampa jirani jike mmoja amtunze kwa kugawana uzao, na makubaliano yanaandikwa mbele ya mtu wa tatu. Mimba ya mbuzi ni miezi 5 na mapacha ni jambo la kawaida, kwa hiyo ugomvi hukua haraka usipoandika.

Chakula chao kinatoka shamba lile lile letu, na hapa kuna mawili ya kuangalia. Maganda mabichi ya mihogo michungu yanaweza kuua mbuzi. Yaanike kwanza yakauke. Na mahindi yenye ukungu usiwape kuku kwa kuwa tu hayafai posho, yaani ugali. Sumukuvu inaharibu maini yao pia, na ng'ombe akila inapita hadi kwenye maziwa. Huku kwetu ukanda wa mahindi hakuna aliyesahau Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo. Anika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Kupima bila mashine, chukua chupa kavu, tia chumvi kavu kidogo na mahindi, tikisa vizuri, iache itulie. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi bado yana maji.

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa ninavipanda karibu na bafu, ambapo maji ya kuogea hutunza mbegu za mashina kiangazi chote. Vina vitamini A kwa wingi, na mmoja wa watafiti waliotuzwa Tuzo ya Chakula ya Dunia 2016 kwa kazi ya viazi hivyo ni Mganda, Robert Mwanga. Mbuzi wanapenda majani yake kupita kiasi. Ua lenu liwe imara upande huo.

Mkija kuuza mbuzi, mtahitaji barua ya mwenyekiti wa LC One, baraza la kijiji, kuonyesha mnyama si wa wizi. Nendeni pamoja, mwenye mnyama na mzazi. Mwenyekiti wetu mwanzo alishangaa kuulizwa na msichana wa darasa la sita barua ya mbuzi wake. Sasa anamuuliza yeye bei, mimi ananisalimia tu.

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wenye watoto wakubwa ni hili: akienda bweni, mbuzi wake wanakuwa wa nani? Wanabaki wake. Binti yetu alipoondoka, alikaa na mdogo wake wakapatana kwamba anayetunza atachukua mtoto mmoja katika kila watatu wanaozaliwa, na gharama za dawa ya minyoo zitakatwa kwa mwenye mbuzi. Dume waliamua kumhasi. Mume wangu alitaka kuongeza kifungu chake kuhusu kinyesi, kwa kuwa bustani ya nyanya ni yake, wakamwambia anunue. Analipa kwa magunia.