Wakikuambia unyamaze, waulize Hulda alikuwa nani

Juzi usiku nimepata meseji ya dada mmoja, ndefu kweli, ila kiini chake ni kwamba vijana wa kanisani kwao walimwomba awafundishe somo la Biblia, akajiandaa wiki mbili nzima, siku yenyewe mzee mmoja akasimama mbele za watu akamsomea 1 Timotheo 2:12, "Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha", akaketi. Basi. Somo likaishia hapo. Ananiuliza, dada, niache tu?

Nimeisoma mara tatu maana hiyo ni stori yangu mimi, mstari ule ule.

Mwenzenu nilifundisha darasa la vijana miaka 3, wavulana kwa wasichana, na nilikuwa najiona moto. Akaja kiongozi mpya, mwezi haujaisha akaniita pembeni akaniambia kwa upole (huo upole ndio uliniuma kuliko yote) kwamba mwanamke ni msaidizi, kwa hiyo nafasi yangu ni kamati ya mapambo. Sina ugomvi na maua jamani. Lakini nilimjibu kwa hasira, nikamtolea Wagalatia 3:28, "Hapana mtu mume wala mtu mke", akanitolea Waefeso 5:22 kuhusu wake kuwatii waume, nikamtajia Debora, yule nabii aliyekuwa mwamuzi wa Israeli, akanitajia Hawa, tukawa tunarushiana mistari kama watoto wanaorushiana mawe, na aliyeishiwa mawe wa kwanza ni mimi. Aibu niliyoipata siku ile sio ya kuondolewa darasa. Ni kugundua kwamba nimefundisha miaka yote hiyo kitabu nisichokijua. Nilichokuwa najua ni mistari.

Miezi iliyofuata tuiruke, nililia, nikahamia viti vya nyuma, basi. Kilichoniokoa ni daftari. Nilianza Mwanzo, kila mwanamke anayefungua mdomo namwandika, amesema nini, nani alimsikiliza, nini kikatokea.

Na ndio nikakutana na Hulda. Miaka yote hiyo sijawahi kusikia hata mahubiri moja ya Hulda! 2 Wafalme 22. Mwaka wa 18 wa mfalme Yosia wa Yuda, kuhani mkuu Hilkia anakuta kitabu cha torati hekaluni, mfalme anasomewa, anararua mavazi yake, anatuma watu wakamuulize Bwana. Sasa nani wa kuulizwa? Yeremia alishaitwa unabii tangu mwaka wa 13 wa mfalme huyo huyo, yeye mwenyewe anaandika hivyo kwenye sura yake ya kwanza, kwa hiyo nabii mwanamume alikuwepo, tena miaka mitano kazini. Lakini kuhani mkuu na wakubwa wa mfalme wakaenda kwa Hulda, nabii mwanamke, mke wa Shalumu mtunza mavazi. Naye hakuwapamba. Akawaambia mabaya yanakuja mahali hapa, ila Yosia mwenyewe hatayaona. Hakuna aliyemuuliza ruhusa ya kusema kaipata wapi. Mfalme akaamka akasafisha nchi nzima ibada za sanamu. Nilifunga daftari siku hiyo nikacheka peke yangu kama kichaa.

Baadaye nikawapata wale mabinti watano wa Selofehadi, Hesabu 27, baba kafa bila mtoto wa kiume, wakasimama mbele ya Musa na kuhani na mkutano wote wakadai urithi, na Mungu akasema wana haki, sheria ikabadilika. Sio walivumilia, walidai.

Ila nisiwadanganye, daftari langu lina kurasa nyeusi pia. Walawi 27 inapanga thamani ya nadhiri, mwanamume wa miaka 20 hadi 60 shekeli 50, mwanamke 30. Binti wa Yeftha anakufa kwa kiapo cha baba yake na jina lake halipo. Yule suria wa Waamuzi 19, sitaki hata kuandika alichofanyiwa, yeye hasemi neno hata moja kwenye sura nzima, niliacha mstari mtupu kwenye daftari. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Biblia inawainua wanawake kila ukurasa, hajaisoma, na anayesema inawakandamiza kila ukurasa naye hajaisoma.

Sasa turudi kwenye mstari wako dada. Soma wa juu yake kwanza. Mstari wa 11 unasema mwanamke "ajifunze", hiyo ni amri, na watu wanauruka kila siku. Halafu rudi sura ya kwanza uone Timotheo, anayeandikiwa barua hii na Paulo, yuko wapi: yuko Efeso, ameachwa huko awakataze watu fulani wanaofundisha elimu nyingine. Kumbe barua ina mji na ina tatizo. Na mji huo huo, Matendo 18, ndipo Prisila na mumewe Akila walipomchukua Apolo, msemaji hodari kabisa, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, na mwandishi anamtaja Prisila kwanza. Paulo hakumkemea, kwenye 2 Timotheo 4:19 anamtumia salamu! Na kwenye 1 Wakorintho pia, wanakutolea 14:34 "wanawake na wanyamaze", hawakutolei 11:5 ambako Paulo anawaelekeza wanawake wanaosali na kuhutubu wafunike kichwa. Mtu aliyenyamazishwa kabisa anafunikia kichwa nini?

Na lile la msaidizi. Neno la Kiebrania la Mwanzo 2:18 ni ezer, lile lile la Zaburi 121, "Msaada wangu u katika Bwana". Mungu naye tumpeleke kamati ya mapambo?

Samahani, nimepanda jazba. Najua yako makanisa, Katoliki na Orthodoksi wakiwemo, yasiyowapa wanawake upadri, na wana hoja zao za karne nyingi, sisemi ni wajinga. Mimi naongea na yule anayetumia mstari mmoja kama kufuli.

Ushauri wenyewe basi, maana najua wengi mnaosoma hapa mnataka kusimama siku moja mkafundisha. Soma juu na chini ya mstari. Usibishane ukiwa na hasira, mimi nilishindwa hivyo. Soma juu na chini ya mstari, narudia. Usihame kanisa wiki ile ile, subiri machozi yakauke ndio uamue. Na ukipewa dakika tano zitumie, usidharau dakika tano. Wanawake waliotoka kuangalia kaburi la Yesu, Luka 24, walileta habari kubwa kuliko zote na mitume wakaiona upuzi, mbona hawakurudi kulia nyumbani, walisema walichokiona. Dada, wewe umeona nini kwenye lile somo uliloandaa wiki mbili? Lisemee popote, sebuleni, kwa watu watatu.

Mimi nimerudishwa kufundisha mwaka huu, na Jumapili iliyopita nikapewa ibada nzima kwa mara ya kwanza. Walitegemea Methali 31, yule mke mwema. Nikawapa Methali 31 kweli, lakini kuanzia mstari wa 1, ambapo imeandikwa kwamba haya ni mausia mfalme Lemueli aliyofundishwa na mama yake. Kabla ya mke mwema kuna mama anayemfundisha mfalme kuhusu pombe, hukumu na haki za maskini. Kanisa likanyamaza kimya. Kisha nikaingia kwa Hulda.

Yule kiongozi alikuwa safu ya tatu ya viti na kalamu mkononi. Tulipotoka akanifuata akaniuliza, "Huyo Hulda umesema ni kitabu gani?" Nikamwambia 2 Wafalme 22. Akaandika kwenye kiganja maana karatasi ilikuwa imejaa.