Gonbad si Shiraz

Mdogo wangu wa Makunduchi, Unguja, kanitumia ujumbe: "Kaka, si uko Uajemi, kwa wazee wetu Washirazi? Basi huko ni kama nyumbani. Nami nije?" Wengine mmeniuliza hayohayo, kwa hiyo nawajibu nyote, na sifichi kitu.

Hapa nilipo si Shiraz, mji wa kusini mwa Iran ambao Washirazi wa kwetu wanajinasibisha nao. Gonbad-e Kavus ni mji wa kaskazini mashariki mwa Iran, mkoa wa Golestan, si mbali na mpaka wa Turkmenistan. Wakazi ni kama laki moja na nusu, na wengi wao ni Waturkmeni, Wasuni wa madhehebu ya Hanafi. Waajemi ambao ni Washia hapa ndio wachache, ingawa lugha ya serikali ni yao.

Mimi nilikuja na Kiajemi nilichokisoma mwaka mzima Tehran, nikadhani kinatosha. Darasani, benki, hospitalini, kinatosha kweli. Ukivuka kizingiti cha nyumba ya Kiturkmeni, hakitoshi. Watoto wanasomeshwa kwa Kiajemi, wakirudi wanazungumza na bibi yao Kiturkmeni. Nilikuwa naalikwa kula chekdirme, wali uliopikwa pamoja na nyama na nyanya. Wenyeji wananisemesha Kiajemi kwa heshima, halafu mazungumzo yanarudi kwao, mimi nabaki kutazama sahani. Miezi sita hivyo. Hakuna aliyenifukuza, tumbo limeshiba, lakini ni kama sipo. Upweke huo ulinitesa kuliko baridi ya Januari.

Aliyenitoa humo ni jirani, mama mtu mzima anayefuma mazulia. Kiajemi chake cha kuokoteza, basi akaanza kunifundisha Kiturkmeni, neno moja moja: suw, maji, çörek, mkate wa tanuri. Siku nilipomwambia "sag bol", yaani asante, alimwita binti yake aje asikie. Tangu hapo nikifika naandaliwa buli langu peke yangu la chai ya kijani, maana kwao kila mgeni ana lake. Kwa jirani wa Kiajemi, ng'ambo ya barabara, chai ni nyeusi, na kipande cha sukari unakishika kwa meno. Huyo nilimsimulia kwamba kwetu Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, tunauita pia Nairuzi. Akanirudishia neno: "Nowruz?" Ndilo jina la mwaka mpya wao. Akanishika mkono, hakuuachia muda mrefu. Hapo tu ndipo nimeuona huo Ushirazi mnaouulizia.

Mtaani kwetu mweusi ni mimi peke yangu. Sijatukanwa, lakini kutazamwa kila siku kunachosha, na kuna siku sitoki. Jioni zikinizidi huenda kukaa bustanini chini ya mnara wa Qabus, wa matofali matupu, mita 53, uliojengwa mwaka 1006. UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2012. Familia za pande zote mbili huja pale na majamvi na chupa za chai.

Sasa pesa, maana najua mama anaulizwa. Viza yangu ni ya masomo, siruhusiwi kuajiriwa. Kwa sababu ya vikwazo, kadi ya benki ya nje haifanyi kazi huku, na hela ya hapa inashuka thamani huku bei zikipanda. Situmi kitu kwa sababu sina cha kutuma. Tafadhalini msimsumbue mama.

Mdogo wangu, ukipata nafasi ya kusoma, njoo, na uanze Kiturkmeni wiki ya kwanza, usingoje miezi sita kama mimi. Ukitafuta kazi, usiuze mikarafuu ya baba kwa ajili ya safari hii.

Na mama akiuliza kama ninaye wa kunipelekea uji nikiumwa, mwambie ninao wawili, mmoja kila upande wa barabara. Yule mfuma mazulia ananiita oglum. Maana yake mwanangu.