Kwa wanaowania jezi: changarawe haina huruma na mkia wa kundi

Vijana wetu wa mbio za baiskeli, mmefanya tena. Zimebaki kilomita 2 kufika kipande cha kwanza cha changarawe, kundi limeanza kuwa jembamba kama uzi, na huyo tunayemtegemea kwenye msimamo wa jumla, yaani hesabu ya muda wa siku zote za mbio, yuko mkiani, mkono mmoja kwenye usukani, anang'ata kifuko cha jeli ya kuongeza nguvu huku akipiga soga. Dakika 5 baadaye yuko redioni analalamika kwamba ameachwa. Mwaka jana alikuwa kaka yake, mwaka juzi binamu yake. Jeli ni ileile.

Haya basi, tuongee. Yanamhusu anayelinda sekunde. Anayewinda ushindi wa siku ana ruhusa ya kucheza pata potea, wewe huna.

1. Kipande kinaanza kilomita 3 kabla ya changarawe.

Hapa inabidi tuungame, maana kosa lilikuwa letu kabla halijawa lenu. Sisi tuliokulia kwenye lami ndio tuliowaambia, tena kwa sauti ya ujuzi, "Usichome nguvu kugombea nafasi, ukiachwa utarudi." Kwenye lami mara nyingi ni kweli. Kwenye changarawe tuliwadanganya, na hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Kundi likiwa mstari mmoja, kila mtu anakula kama mita 3, kwa sababu vumbi halimruhusu kuganda kwenye gurudumu la mwenzake. Aliye nafasi ya 60 yuko mita 180 nyuma. Kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa, yaani mita 12.5 kwa sekunde, hizo ni sekunde 14 na ushee, na hapo hakuna hata mmoja aliyekushambulia! Sasa yule wa nafasi ya 35 anaogopa kona, anabana breki. Mwanya umefunguka. Kumpita huwezi, maana njia zinazopitika ni mbili tu, ile michirizi ya matairi ya magari, na katikati yake ni kokoto legevu zinazomeza gurudumu la mbele. Wa mbele wanatoka, wanaikuta lami, wanakanyaga. Wewe bado unasukasuka ndani ya vumbi. Sekunde 14 zimekuwa 40. Unawaunguza wasaidizi wako wote watatu, mnarudi kundini mkihema, unatabasamu. Kipande cha pili hicho hapo, kilomita 4 mbele, na wasaidizi huna tena.

Na si ninyi tu. Giro d'Italia, yale mbio makubwa ya Italia, mwaka 2021, hatua (yaani siku) ya 11, Perugia hadi Montalcino: kilomita 35 za changarawe katika vipande 4. Remco Evenepoel alianza siku akiwa wa pili, sekunde 14 tu nyuma ya Egan Bernal. Kipande cha kwanza, timu ya Bernal imejipanga mbele, na Filippo Ganna, bingwa wa dunia wa wakati huo wa mbio dhidi ya saa, anavuta kama trekta. Evenepoel akaachwa. Akarudi. Vipande vya baadaye akaachwa tena, na mwenzake João Almeida ikabidi ateremke nyuma kumvuta. Jioni alikuwa amepoteza zaidi ya dakika 2. Tuliwaambia mtarudi; huyu alirudi, na hakikumsaidia kitu. Bernal akaenda kuitwaa Giro.

Kwa hiyo chagueni msaidizi mmoja mwenye mabega, na kazi yake siku hiyo iwe moja: kukuingiza kwenye kila kipande ukiwa miongoni mwa 10 wa kwanza. Si 20. Akishakufikisha mdomoni mwa changarawe amemaliza, na asisemwe na mtu akimaliza dakika 20 nyuma.

2. Ukipata pancha, chukua baiskeli, usisubiri gurudumu.

Gari la timu liko nyuma ya vumbi lote na nyuma ya kila aliyeachwa. Kwenye njia nyembamba linaweza kuchukua dakika nzima kukufikia. Gurudumu la breki za diski nalo lina maringo: ufungue mhimili, uilenge diski katikati ya pedi za breki, ukaze, na mikono inatetemeka. Jonas Vingegaard hakusubiri lolote kati ya hayo. Tour de France ya 2024, hatua ya 9, Troyes hadi Troyes, vipande 14 vya changarawe: alipopata pancha alipanda baiskeli ya mwenzake Jan Tratnik, na akamaliza nayo hadi mwisho.

Hilo halitokei kwa bahati. Usiku wa kuamkia hatua, chukueni futi kamba mpime kimo cha siti kutoka katikati ya mhimili unaozungusha mikono ya pedali. Tofauti ya milimita 5 utaivumilia; ikiwa 20, goti litakudai kesho yake. Pedali ziwe za aina moja, la sivyo viatu havitanasa na mtasimama mkitazamana kama wachumba. Na mwenye kimo chako aende nyuma yako, hatua chache tu. Akiwa mbele hatajua kwamba umesimama.

3. Ya haraka haraka. Kwa mtu wa kilo 65 hadi 70 na tairi la tubelesi (lisilo na mpira wa ndani) la milimita 32, anzeni na upepo wa baa 3.5 nyuma na 3.3 mbele, mpunguze kidogo njia ikilowa. Jeli huliwa dakika 10 kabla ya kipande, kwenye lami. Breki ni kabla ya kona. Mlimani kaa kitini, ukisimama gurudumu la nyuma linazunguka bure.

4. Nani avute, yaani akae mbele akate upepo?

Hapa ndipo mnapogombana hata baada ya kuoga. Turudi Troyes. Tadej Pogačar ana jezi ya njano ya anayeongoza, Evenepoel yuko sekunde 33 nyuma, Vingegaard dakika 1 na sekunde 15, Primož Roglič dakika 1 na sekunde 36. Evenepoel anachomoka, Pogačar anamfuata, Vingegaard anakuja nao. Watatu bora wako peke yao, Roglič yuko nyuma. Wawili wanataka kuvuta. Vingegaard anakaa nyuma ya magurudumu yao, hasogei mbele. Mwendo unakufa, kundi linawarudia, Evenepoel anakasirika hadharani. Wengi wenu mngemwita Vingegaard mwoga.

Sisi tunasema alikuwa sahihi. Kabla hujavuta, jiulize matatu: aliyeachwa nyuma ni nani, wenzangu wako wapi, na nimepanda baiskeli ya nani. Aliyeachwa alikuwa nyuma yake tayari kwenye msimamo. Wenzake walikuwa kwenye kundi la nyuma. Baiskeli ilikuwa ya Tratnik. Kila mita aliyovuta ingempeleka mbali na msaada wake, akiwa bega kwa bega na watu wawili waliokuwa mbele yake kwenye msimamo. Waliomaliza siku wakiwa na furaha walikuwa wengine kabisa: Anthony Turgis alishinda kutoka kwenye mchomoko, lile kundi dogo lililotangulia, na wakubwa wanne wakafika pamoja, tofauti zao zilezile za asubuhi. Kwa aliyeanza hatua kwa baiskeli yake na kuimaliza kwa ya mwenzake, hiyo ni faida.

Lakini msije mkakariri kwamba kuvuta ni ujinga. Giro ya 2025, hatua ya 9, Gubbio hadi Siena, mambo yaligeuka. Roglič alianguka na kupata pancha, akapoteza zaidi ya dakika 2. Mbele, Isaac del Toro alijikuta na Wout van Aert, na huyo Van Aert hakuwa na haja na msimamo wa jumla. Alitaka ushindi wa siku. Mmoja anataka sekunde, mwingine anataka mstari: hapo vuteni wote wawili, zamu fupi za sekunde 15 hadi 20. Van Aert akashinda pale Piazza del Campo, Del Toro akavaa jezi ya waridi ya anayeongoza Giro. Basi ukichomoka, mtafute mwenye njaa tofauti na yako.

5. Kwa mnaokwenda Migration Gravel Race, mbio za changarawe kule Maasai Mara, Kenya, ambako siku nne zinajumlishwa: gari la timu lisahauni. Vijiti vya kuzibia tairi vikae mfukoni mwa jezi, si kwenye mkoba wa siti wenye zipu iliyojaa vumbi. Na ikinyesha, ule udongo mweusi utajaa kati ya tairi na uma unaoshika gurudumu mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Acheni nafasi ya angalau milimita 6 kila upande, na mbebe kijiti cha kukwangulia. Mkiuona weusi wa udongo mbele, shukeni mbebe baiskeli begani mapema, kabla haijanasa.