Estremoz kwa siku moja: nenda Jumamosi

Ndugu, umeuliza kama Estremoz, mji wa Ureno katika mkoa wa Alentejo, inafaa kwa siku moja ukitokea Lisbon. Inafaa sana, ila nenda Jumamosi. Siku hiyo gulio huujaza uwanja wa Rossio, na wakulima wa Alentejo hupanga jibini za maziwa ya kondoo, zeituni, asali, soseji, hata kuku hai. Kama huli nguruwe, uliza kabla ya kuonja, maana hata mikate mingine hutiwa soseji ndani. Wahi asubuhi, mchana wanafungasha.

Kinachonivutia mimi zaidi ni wanasesere wa udongo. Hufinyangwa kwa mkono, huchomwa, kisha hupakwa rangi kali. Mtafute yule aitwaye Primavera: mwanamke mwenye tao la maua lililopita juu ya kichwa chake, kila ua limebandikwa peke yake. UNESCO iliutambua ufundi huu mwaka 2017.

Baadaye panda ngomeni, alikofariki Malkia Isabel wa Ureno mwaka 1336. Huko utaona marumaru kila mahali, mpaka kwenye vizingiti vya nyumba za kawaida. Basi la kwenda Estremoz hutoka kituo cha Sete Rios, Lisbon. Kata tiketi ya kurudi mapema.